Mkimbiaji wa Nne

Msomaji, huenda ukadhani kuwa timu ya wakimbiaji huhitaji miguu na mapafu tu, na kwamba mtu mwenye kalamu hana kazi kando ya njia. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa hisabati katika chuo kikuu, wala sikujaliwa mbio. Lakini timu yetu ya wasichana ya mbio za nyika ilipokwenda kupiga kambi Keringet, nilichukuliwa niwe mwandishi wa takwimu zake. Zana zangu zilikuwa saa ya kupimia mbio, daftari, na kompyuta kuukuu ambayo betri yake haikumaliza asubuhi moja.

Keringet iko Kuresoi Kusini, katika kaunti ya Nakuru, kwenye nyanda za juu upande wa msitu wa Mau. Ni nchi ya chai, viazi na baridi ya alfajiri. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kila pumzi aivutayo mtu huko ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kuliko pumzi ya Mombasa. Kwa hiyo dakika zilizopimwa Keringet hazilinganishwi na dakika za pwani kama kwamba ni kitu kimoja. Juu ya kila ukurasa niliandika kwanza mahali, saa, hali ya njia na mvua, ndipo nikaandika majina.

Sasa yakupasa uijue hesabu ya mchezo huu. Nafasi za wakimbiaji wanne wa mwanzo wa kila timu hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Anayeongoza kwa dakika nzima na anayeongoza kwa hatua moja, wote wawili huleta pointi moja tu. Lakini mtu wa nne hukimbia katikati ya msongamano. Akilegea kwa sekunde kumi aweza kupitwa na watu kumi, na kila mmoja wao ni pointi. Mwaka 2010, huko Bydgoszcz nchini Poland, wasichana chipukizi wa Kenya walishika nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne katika mashindano ya dunia: jumla 10, nayo haiwezi kupungua. Wa nne alikuwa Faith Kipyegon, msichana wa miaka 16 aliyekulia Keringet, naye alikimbia miguu mitupu. Watu humsifu kwa dhahabu zake tatu za Olimpiki za mita 1,500, za 2016, 2021 na 2024, na ni haki yake. Mimi, labda kwa ugonjwa wa watu wa hesabu, huipenda zaidi ile nafasi ya nne.

Chuo chetu kilikuwa na nauli ya wakimbiaji wanne, basi. Watatu hawakuwa na shaka. Nafasi iliyobaki iligombewa na wawili, ambao kila mmoja nilikuwa nimempima mara tano katika njia ile ile ya kilomita 10. Wa kwanza alikuwa na wastani wa dakika 36 kamili. Wa pili alikuwa na dakika 36 na sekunde 18. Mwalimu wa michezo alitazama wastani akataka kufunga shauri.

Nikamwomba atazame safu nzima. Yule wa kwanza aliwahi kukimbia kwa 34:30, na siku nyingine kwa 37:45. Yule wa pili hakuwahi kushuka chini ya 36:10 wala kupanda juu ya 36:25. Siku mbili mbaya za wa kwanza zilikuwa na neno moja pembeni: matope. Wa pili alikimbia katika matope kama katika njia kavu. Mashindano yalikuwa mwezi wa Mei, wakati wa mvua ndefu. Mwalimu akaniuliza, "Nawe waonaje?" Nikasema siku tano ni ushahidi mchache mno wa kumhukumu mtu, ila kwa kuwa yatupasa kuamua, ningemchukua wa pili. Akamchukua.

Jioni ile aliyeachwa alikuja kuomba daftari. Alisoma ukurasa wake polepole, akaweka kidole juu ya neno lile, akasema, "Haya ni matope, si mimi." Tangu siku ile, kila mvua iliponyesha, alitoka kabla ya wenzake kukimbia katika njia ya utelezi kando ya mashamba ya chai, nami nikashika saa: 37:20, kisha 36:50, kisha 36:35.

Siku ya mashindano haikunyesha. Mkimbiaji wetu wa nne alimaliza kama alivyozoea, wala hakutuangusha. Tukawa wa pili kwa upungufu wa pointi tatu.

Tuliporudi, yule aliyebaki hakuuliza habari za ushindi. Aliuliza njia ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa kavu. Akanyamaza kitambo, kisha akaniomba nije na saa kesho yake, saa kumi na mbili alfajiri.