Kunyatia Jike la Kulungu, Uskoti

Treni ya kwenda Fort William hutoka Glasgow, kituo cha Queen Street, na kwa zaidi ya saa mbili unapita vitongoji, maziwa na misonobari iliyopandwa kwa mistari. Ukishaiacha Bridge of Orchy miti inakwisha. Hapo unaingia Rannoch Moor, uwanda wa kinamasi usio na nyumba wala shamba. Wajenzi wa reli hii, iliyofunguliwa mwaka 1894, hawakupata ardhi ngumu ya kujengea, wakatandaza matita ya vijiti, mizizi na majivu, wakalaza mataruma juu yake. Reli inaelea juu ya tope mpaka leo. Karibu na Corrour, kituo kilicho juu kuliko vyote katika njia kuu za Uingereza, niliwaona kulungu wekundu kwa mara ya kwanza: kundi zima limesimama hatua chache tu kutoka relini, mvua inawanyeshea, na hakuna aliyeinua kichwa.

"Hao wa relini usiwaamini," ndugu yangu akaniambia. "Treni wameizoea. Shuka usimame kwa miguu yako miwili uone kama utawapata."

Yeye ni mtu wa Tanga, lakini maisha yake yako Glasgow siku nyingi, na kila majira ya baridi huomba likizo apande milimani kuwinda. Alikuwa akinialika kila mwaka nami nikikataa. Kwetu, uwindaji wa kulipia tunaujua kwa pembe. Mgeni anakuja na kibali chake, anapelekwa kwa gari, anapiga dume kubwa, anapiga picha amepiga goti kando ya mzoga, na kichwa kinasafirishwa kwenda kutundikwa sebuleni. Kenya waliupiga marufuku mwaka 1977, Tanzania unaendelea. Sikutaka kushiriki jambo hilo katika nchi yoyote. Ndipo akanijibu kwa maneno yaliyoniondoa Dar es Salaam: "Basi njoo Novemba, kaka. Novemba hakuna pembe."

Novemba ni wakati wa majike. Sheria ya Uskoti inaruhusu kuwawinda kuanzia tarehe 21 Oktoba hadi 15 Februari, na jike la kulungu mwekundu halina pembe kabisa. Wageni wa fahari wamekwishaondoka na madume yao ya Septemba na Oktoba. Wanaobaki ni wasasi wa kazi, mvua, na mchana mfupi ajabu: jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni giza linabisha hodi.

Msasi wa eneo tulilofikia alikuwa mzee mwembamba, mtu wa maneno machache. Kabla ya kupanda alinilaza kifudifudi nyuma ya ghala nipige karatasi iliyobandikwa kwenye ubao. Sheria ya huko inamruhusu mgeni asiye na leseni kutumia bunduki ya mwenyeji wake, mradi mwenyeji au mtu wake awepo. Lakini karatasi ile ilikuwa sharti lake mwenyewe. Asiyeipiga sawasawa haendi popote. Alikagua matundu, akatikisa kichwa kukubali, akaitia bunduki kwenye ala na kuibeba yeye. Nisingeigusa tena mpaka atakaponikabidhi.

Tulipanda tukifuata kijito. Ardhi yote imefunikwa na hetha, kichaka kigumu kinachofika gotini, na chini yake udongo mweusi wa mboji ulioshiba maji. Mahali fulani msasi aliinama, akaitenga hetha kwa vidole kunionyesha mche wa mti wa asili. Shina lake lilikuwa nene kama la mti wa miaka mingi, ila kimo hakikupita kifundo cha mguu. Kila chipukizi lilikuwa limekatwa kwa meno. Akasema mbwamwitu walimalizwa Uskoti karne nyingi zilizopita, na tangu hapo kulungu aliyekomaa hana wa kumla isipokuwa binadamu. Makadirio ya serikali yanafika kulungu milioni moja kwa aina zote nne zilizoko Uskoti. Misonobari ya zamani bado imesimama, lakini katika mabonde mengi haina watoto. Akaufunika mche ule na hetha yake, tukaendelea.

Saa nne hivi akalala chini na kutoa darubini, ile ndefu ya mrija mmoja. Ilinichukua muda kuona alichokiona: majike tisa na ndama wao, wamelala kwenye mteremko wa ng'ambo, rangi yao na ya nyasi kavu ni moja. Kulungu hulala mgongo akiupa upepo. Nyuma analinda kwa pua, mbele kwa macho. Ukimjia toka nyuma anakunusa ungali mbali mno. Ukimjia toka mbele anakuona. Njia iliyobaki ni ya ubavuni, nayo hupatikana kwa kuisoma milima. Msasi alikwanyua unyasi, akauachia, akautazama ulikoangukia. Akapiga hatua ishirini, akakwanyua mwingine. Upepo wa mabondeni hugonga mwamba ukarudi ulikotoka, na unaokupiga usoni hapa unaweza kukupiga kisogoni mbele kidogo.

Tukashuka kwenye mfereji wa kijito tukatambaa. Maji yaliingia kwenye mikono ya koti yakatokea tumboni. Kichwa hakiinuliwi, kitako hakiinuliwi. Tulikuwa tumebakiza kama mita mia mbili hivi, mara kwale akaruka toka kwenye hetha akipiga kelele, na majike yote yakasimama kwa pamoja. Hayakukimbia ovyo. Jike kubwa lilitazama upande wetu, likageuka, na kundi likapanda nyuma yake kwa mstari hadi likapotea juu ya ukingo.

"Leo wameshinda wao," msasi akasema, na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tulikula mkate tumejikinga na upepo nyuma ya ukuta wa mawe uliobomoka. Ilikuwa nyumba. Ziko nyingi katika mabonde yale, za watu waliofukuzwa karne ya 18 na ya 19 ili kondoo wapate malisho; baadaye milima mingi ikageuzwa kuwa ya kulungu na ya matajiri wa kuwinda, hasa baada ya Malkia Victoria na mumewe kununua Balmoral mwaka 1852 na kuufanya uwindaji wa Uskoti kuwa fasheni. Nilikaa pale nikiwaza Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ambako wafugaji nao wameondolewa kupisha uwindaji. Kuwinda kwa furaha kusitusahaulishe nani aliondolewa ili uwanja upatikane.

Alasiri, nyuma ya kilima kingine, tukawapata majike wanne wakila. Mmoja alijitenga: uso mrefu, shingo iliyokonda, hana ndama. Msasi alimtazama muda mrefu, akasema huyo hataimaliza baridi. Tukatambaa tena, safari hii bila kwale, hadi nikaweza kusikia nyasi zikikatika mdomoni mwake. Bunduki ikatolewa kwenye ala. Nikangoja ageuke ubavu, nikasema Bismillahi, nikapiga nyuma ya mguu wa mbele. Alikwenda hatua chache akaanguka.

Kazi ya kisu ilifanyika palepale. Msasi alimtoa damu, akafunga koo la chakula kwa fundo lisimwage uchafu kwenye nyama, akatoa matumbo. Kisha akapiga magoti akikagua ini na tezi moja moja, akizipasua kutafuta dalili za ugonjwa. Matumbo yaliachwa juu ya jiwe. Tai wa milimani na kunguru wanaijua saa ya msasi. Mimi na ndugu yangu tukamfunga kamba, tukamkokota mteremko mzima mpaka njia ya gari. Usiku alining'inizwa kwenye chumba cha baridi, akapimwa uzito na kuandikwa daftarini. Ini tulipewa sisi, tukalikaanga kwa vitunguu, pilipili manga na ndimu.

Furaha yangu kubwa niliipata nikiwa kifudifudi ndani ya kijito, asubuhi ile tuliyoshindwa. Kwa saa nzima sikuwa na wazo lingine ila upepo, jiwe lililo mbele na mnyama anayejua milima ile kuliko mimi. Kama lengo lingekuwa kichwa cha ukutani, asubuhi hiyo ingekuwa hasara tupu.

Ukipata nafasi ya kwenda, usiende Septemba kuyafuata madume. Nenda wakati wa majike. Gharama ni nafuu, na hiyo ndiyo kazi ambayo milima yenyewe inaihitaji. Chukua soksi za sufu, mpe msasi bunduki aibebe, na ukubali kurudi mikono mitupu.