Kuta Zisizoezekwa

Wiki tatu za mwanzo nilipokuwa Siena nilikatiza kila asubuhi kwenye uwanja mdogo ulio kando ya kanisa kuu, nikipenya kati ya magari yaliyoegeshwa, nikiwahi darasani. Upande mmoja wa uwanja ule kuna matao marefu yaliyokaa juu ya nguzo za marumaru zenye milia myeupe na myeusi, na mwisho wake unasimama ukuta mrefu ajabu, mwembamba, wenye uwazi mkubwa juu unaoonyesha mbingu tupu. Nilidhani ni pambo. Ulikuwa mwaka 2004, nimepata nafasi ya kusoma Kiitaliano na historia kwa miezi tisa, na kichwa kilikuwa kimejaa vitenzi.

Aliyenifumbua macho ni mama mwenye nyumba niliyopanga, mjane wa miaka sabini na kitu. Nilipomuuliza habari za ukuta ule alitua sufuria, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Hapo unapopita ni ndani ya kanisa, mwanangu. Ila halikuezekwa."

Jumapili iliyofuata nikapanda juu ya ukuta. Ngazi ni nyembamba, inazunguka gizani hadi mabega yanasugua mawe, kisha ghafla unatokea kwenye upepo na mji wote uko chini yako. Hapo ndipo nilipoielewa ramani. Mwaka 1339 baraza la mji liliamua kwamba kanisa kuu walilokuwa nalo, ambalo hata leo mgeni akiingia hushusha sauti, ni dogo. Lile lililopo lingebaki kuwa mikono tu ya kanisa jipya. Siena ulikuwa mji wa mabenki na wafanyabiashara, ukishindana na Florence kwa kila kitu. Kazi ikaenda miaka tisa. Kisha, mwaka 1348, tauni ikaingia Toscana. Ilikuwa imeshuka na meli kutoka Bahari Nyeusi, ikapiga Messina mwishoni mwa 1347, ikapanda hadi Pisa, na kutoka Pisa haikuchelewa. Kiangazi kilipokwisha, nusu ya watu wa Siena, na yamkini zaidi, walikuwa chini ya udongo. Walikufa waashi, wachonga mawe, wabeba chokaa na waliokuwa wakilipa. Mafundi waliosalia wakaona pia kwamba kuta zina kasoro, na mwaka 1357 mji ukasema basi, zilizo hatarini zibomolewe.

Watalii walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikuwa naiona nyumba ya baba mkubwa.

Mimi ni mtu wa Lushoto, upande wa Shume, kule milimani ambako ukungu wa asubuhi huingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Kwetu tauni si neno la vitabuni. Kati ya 1980 na 2004 wilaya yetu ilihesabu wagonjwa zaidi ya 7,000, na zaidi ya 600 kati yao walikufa, wengi wakiwa wanawake na watoto. Mahindi tuliyatunza darini juu ya meko, panya wakafuata mahindi, viroboto wakafuata panya, na sisi watoto tulilala chini sakafuni. Tulijua dalili kabla ya kujua kusoma: panya wakifa ovyo ndani ya nyumba, kimbia ukaseme. Mtu akishikwa na homa na mtoki ukavimba kinenani au kwapani, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, kwa sababu sindano zipo na zinaponya.

Baba mkubwa alichelewa. Alikuwa anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, ya kwanza katika ukoo wetu, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Mtoki ulipovimba alidhani ni mbao alizobeba kutoka bondeni. Siku ya tatu walipomshusha kwa machela alikuwa hatambui watu. Hiyo ilikuwa 1991, nami nilikuwa na miaka tisa.

Bwana Afya alikuja jioni na vijana wanne waliovaa glavu na mabuti, mmoja amebeba bomba la dawa mgongoni. Nakumbuka harufu ya dawa ile na jinsi kuku walivyotawanyika. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka nimwone mwanangu anaoshwa."

"Bibi, nisamehe. Haitawezekana."

"Basi nani atamlilia, kama watu wamekatazwa kuja?"

Bwana Afya alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Akavua kofia akaishika kifuani, wala hakujibu. Tulizika kabla ya giza. Hapakuwa na matanga. Majirani walisimama ng'ambo ya mto na taa zao.

Ndiyo maana, kule Siena, mwalimu alipotusomesha habari za Agnolo di Tura nilitoka nje kidogo. Agnolo aliandika kumbukumbu za mji wake. Humo anasimulia kwamba baba alimkimbia mtoto na mke akamkimbia mume, kwamba kengele hazikulia, wala hakuna aliyelia, kwa kuwa kila mtu alikuwa akikingoja kifo chake. Kisha anasema, kwa maneno machache tu, kwamba watoto wake watano aliwazika kwa mikono yake mwenyewe. Idadi ya wafu aliyoitoa wanahistoria wanaona imezidi. Hao watano sijaona anayewabishia.

Darasani tulikaa sana kwenye faida. Na faida zilikuwepo, sikatai. Wafanyakazi walipopungua, mwenye nguvu za mikono akawa lulu. Siena yenyewe ilitoa misamaha ya kodi ili wageni waje kuishi na kulima. Huko Uingereza mfalme alitoa amri mwaka 1349 kwamba ujira usizidi ule wa kabla ya tauni, bunge likaitungia sheria mwaka 1351, na bado vibarua waliendelea kudai na kuhama mabwana, hadi wakulima wakaingia London kwa hasira mwaka 1381. Mwalimu aliyasema haya kwa furaha, kama habari njema iliyochelewa kufika. Mimi nilikuwa nawaza kwamba kwetu hakuna ujira uliopanda. Wana wawili wa baba mkubwa waliacha shule wakashika majembe. Hata pale ulipopanda, kibarua aliyepokea senti zaidi alikuwa amezika nani ili azipate?

Nilichokipenda zaidi mjini humo ni ukuta mwingine, ndani ya jumba la serikali, aliouchora Ambrogio Lorenzetti mwaka 1338 na 1339 kuonyesha mji unaotawaliwa vizuri. Watu wanacheza ngoma njiani, punda wamebeba mizigo, na kule nyuma, juu kabisa, mafundi wako kwenye jukwaa wanajenga nyumba. Niliwatazama mafundi wale mara nyingi. Inaaminika Ambrogio alikufa kwa tauni ile ya 1348, pamoja na kaka yake Pietro, mchoraji mwenzake.

Na kuna jambo la majirani, ambalo kwangu ni zito kuliko ujira. Mjini Strasbourg, tarehe 14 Februari 1349, Wayahudi kwa mamia walichomwa moto wakisingiziwa kutia sumu visimani, na tauni yenyewe ilikuwa haijafika huko. Lakini mwaka 1348 Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa, alikuwa Damascus akaona watu wakifunga siku tatu, kisha wakatoka pamoja kuomba, Waislamu na Qurani, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili. Ugonjwa ni ule ule mmoja. Kijijini kwetu walisema kikongwe wa nyumba ya pili ndiye aliyemtumia baba mkubwa maradhi. Kwa majuma mawili hakuna aliyempa hata chumvi. Bibi akajaza bakuli la viazi, akanishikisha, akasema, "Mpelekee, umsalimie kwa jina."

Nilirudi nyumbani 2005. Binamu yangu mkubwa alikuwa ameezeka vyumba viwili kati ya vitano vya baba yake, na katika vile vitatu mpera ulikuwa umeota na kupita kimo cha ukuta. Nilimsimulia Bibi kwamba hata kule Siena wamefanya hivyo hivyo, pembe moja ya kanisa lile wameifunika wakaifanya makumbusho. Nikamsimulia na habari za Agnolo.

Alikuwa anamenya viazi. Akauliza, "Wote watano? Na jembe alishikiwa na nani?"

Nikamwambia hakuandika.

Bibi akaweka kisu chini.