Likizo kubwa: anayekwenda Kundelungu akumbuke wenyeji wa pori

LUBUMBASHI – Shule zikifungwa mwanzoni mwa Julai, wazazi wengi wa mji huu hutafuta mahali pa kuwatembeza watoto. Walio wengi huishia kwenye bustani ya wanyama katikati ya mji, au kando ya ziwa Kipopo. Siku ya Yenga watu hubanana huko, muziki huwa juu, na jioni chupa za plastiki hubaki zimetapakaa.

Lakini mkoa wa Haut-Katanga una mahali pengine ambapo mtu anaweza kukaa saa nyingi bila kusikia injini ya gari. Hifadhi ya taifa ya Kundelungu iliundwa mwaka 1970. Ndani yake kuna maporomoko ya Lofoi, ambako maji huanguka zaidi ya mita 300 kutoka ukingo wa mlima. Kaskazini zaidi kuna hifadhi ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, na humo ndimo walimobaki pundamilia wa mwisho wa Kongo. Zote mbili ziko chini ya ICCN, na wageni wake ni wachache.

Uchache huo una sababu. Barabara ni mbaya, na safari inataka gari lenye nguvu, mafuta ya akiba na maji ya kunywa. Zaidi ya hayo kuna historia. Pembe tatu ya Manono, Mitwaba na Pweto iliitwa pembe ya kifo, kwa sababu ya vita vya Mai-Mai na vijiji vilivyochomwa. Miaka ya 2012 na 2013 maelfu ya familia zilikimbia huko. Nyingine zilifika Lubumbashi na Likasi zikiwa na mabunda kichwani, na mpaka leo zinaishi kwa kupanga nyumba au kwa ndugu. Walinzi wa Upemba nao wameuawa kazini.

Kwa mama aliyelala porini na watoto wake akiogopa risasi, neno pori halina ladha ya likizo. Huenda akashangaa kusikia watu wa mji wanalipa pesa kwenda kuliangalia. Pori hilo lilikuwa ghala lake. Miombo ilimpa vinkubala, uyoga na asali, na mto ulimpa samaki. Vijiji vingine vilivyo karibu na hifadhi vina ugomvi wa siku nyingi juu ya mpaka: shamba linaishia wapi, na hifadhi inaanzia wapi. Mgeni anayepita na gari lake akipiga picha anapita katikati ya maneno hayo yote, hata kama hayajui.

Ndiyo maana namna ya kutembea ina uzito. Jambo la kwanza ni ruhusa na habari za usalama. Familia inayofikiria safari iulize ICCN hapa mjini kabla ya kuondoka, ijue njia ipi ni salama wiki hiyo, ilipe kiingilio na kuchukua risiti. Upemba si mahali pa kwenda kwa kujaribu bahati. Wakifika, wamsalimu chifu, kama desturi inavyotaka, kisha wachukue kijana wa hapo awaongoze na wamlipe haki yake. Bunga, kuku na samaki wanunue kijijini kuliko kubeba kila kitu kutoka mjini. Hapo mwenyeji ataona kwamba pori lililosimama linamletea chakula yeye pia.

Jambo la pili ni moto. Likizo kubwa ni wakati wa kiangazi. Kadiri Agosti inavyokwenda majani yanakauka, na moto wa wakati huo unaua miti michanga kuliko ule wa mwanzo wa kiangazi. Moto wa kupikia bukari uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe. Sigara isitupwe dirishani.

Jambo la tatu ni kile kinachorudi ndani ya gari. Nyama ya pori iliyokaushwa huuzwa kando ya barabara, na mifuko ya makala hupangwa humo humo. Wengi hununua kwa sababu bei ni ndogo kuliko ya sokoni. Lakini miti ya kuzunguka Lubumbashi imekwisha kwa makala, na wachomaji wanasogea mbali kila mwaka. Msafiri anayejaza gari makala akitoka kuangalia maporomoko anawalipa watu wasogee karibu na maporomoko hayo. Kwa kikanda pia ni hivyo: mizizi yake inachimbwa, na ua lililong'olewa halirudi mwaka ujao.

Lofoi katika kiangazi hupungukiwa maji sana, na wengine hulalamika kwamba wamesafiri bure. Hata hivyo ukuta ule wa mawe na bonde lililo chini yake havipungui.

Kwa familia zilizohama, swali ni kubwa kuliko likizo. Siku ya kurudi Mitwaba au Pweto ikifika, watahitaji udongo, mto wenye samaki na miti yenye vinkubala. Mtoto wa mji anayejifunza leo kuzima moto wake na kurudi na taka zake anamtunzia mali mtoto mwenzake wa darasani, ambaye kijiji cha wazazi wake kiko huko.