Amana ya Siri

Lugha yetu ina neno moja kwa kitendo cha kuchukua mali ya mtu bila idhini yake, na neno jingine kwa kitendo cha kuvunja ahadi ya moyo baina ya watu wawili. La kwanza ni wizi, la pili ni hiana. Mwizi huja usiku na hupita dirishani. Mwenye hiana hukaribishwa mchana, akapewa kiti na maji ya kunywa. Wizi huacha pengo: jembe halipo, mbuzi hayupo, fedha hazipo. Hiana huenda isiache pengo lolote la kuonekana kwa macho, na hata hivyo aliyetendewa akawa maskini kuliko aliyeibiwa. Neno hili ni ndugu wa uhaini, kama vile amana ilivyo ndugu wa imani na uaminifu. Siku hizi twasikia watu wakisema juu ya wizi wa siri za biashara. Msemo huo umeenea, na sina nguvu ya kuuzuia. Lakini nataka kuonyesha katika insha hii kuwa jambo lenyewe, kwa asili yake na kwa sheria yake, ni hiana zaidi kuliko wizi, na kwamba anayelitambua hivyo amekwisha kupata nusu ya dawa yake.

Siri ya biashara ni maarifa ambayo thamani yake yatokana na uchache wa watu wayajuao. Yaweza kuwa kipimo cha mchanganyiko, namna ya kuchoma au kukausha, orodha ya wanunuzi na bei wanazokubali. Haifanani na uvumbuzi ulioandikishwa serikalini. Mwandikishaji wa uvumbuzi hufanya mapatano na umma: aufunulia ulimwengu alichovumbua, na kwa malipo ya ufunuo huo alindwa kwa miaka michache, kisha kila mtu huwa huru kukitumia. Mwenye siri hakufanya mapatano na umma. Hulindwa muda wote siri ikaapo, hata kama ni miaka mia. Lakini siku itakapotoka, haitarudi tena chunguni. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Taabu yote ya somo hili ni kwamba mtungi hauna budi kuwa na kata, na tajiri hana budi kuwa na msaidizi.

Nilikutana na taabu hiyo nyumbani kwetu Ruangwa, wilaya ya mkoa wa Lindi iliyomegwa kutoka Nachingwea katika miaka ya 1990. Ni nchi ya mikorosho, ufuta na mbaazi. Shangazi yangu amebangua korosho tangu utoto wangu. Kazi hiyo ni nyepesi kwa mlaji tu. Ganda la korosho lina mafuta makali yaunguzayo ngozi ya mikono, na ndani yake kiini kimevikwa ngozi nyembamba ambayo haina budi kuambuliwa. Moto ukizidi, kiini huungua na kugeuka rangi. Ukipungua, ganda hung'ang'ania. Na kiini kikivunjika, bei yake huvunjika pamoja nacho. Shangazi alikuwa na kipimo chake cha maji, cha moto, na cha muda wa kuzipumzisha korosho kabla ya kuzigonga. Hakukipata shuleni, alikipata kwa misimu mingi ya kuunguza na kula hasara. Korosho zake zilitoka nzima na nyeupe, na wanunuzi walimfuata mlangoni.

Msimu mmoja alimwajiri binti wa jirani. Binti akafanya kazi naye misimu mitatu, wakala chungu kimoja, akaona yote. Kisha mchuuzi mmoja akamwita kwa ujira mkubwa zaidi, naye akaenda. Msimu uliofuata wanunuzi wa shangazi walikuwa wakinunua kwa mchuuzi yule korosho zilizofanana kabisa na zake, kwa bei pungufu. Nilipokwenda likizo nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha bila kunipa nafasi ya kuketi akaniuliza, "Wewe uliyesoma, niambie. Nimeibiwa, lakini vyombo vyangu vyote vipo. Nikienda polisi, nitasema nini kimepotea?"

Swali hilo lina elimu zaidi kuliko alivyodhani mwenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 257, yaeleza vitu viwezavyo kuibwa, na vitu hivyo ni vitu vya kushikika na vyenye kuweza kuhamishwa. Maarifa hayahami. Binti alipoondoka nayo, yalibaki pia kwa shangazi. Waingereza, ambao kwao tulirithi sehemu kubwa ya sheria yetu, walifika ukuta huo huo mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Liverpool alipata karatasi ya mtihani kabla ya siku yake, akaisoma kwa nia ya kuirudisha mahali pake. Mahakama ikasema hakuiba: karatasi hakukusudia kuichukua moja kwa moja, na habari zilizoandikwa juu yake si mali iwezayo kuibwa. Wanafunzi wangu hucheka wanaposikia hukumu hiyo. Mimi naiona ya kweli, maana yatuambia kuwa tulikuwa tunabisha mlango usio wetu.

Mlango wetu uko upande mwingine. Hatuna Tanzania Bara sheria moja ya Bunge iliyotungwa kwa ajili ya siri za biashara peke yake. Walakini sheria ya matumizi ya sheria nchini, Sura ya 358, yaziruhusu mahakama zetu kutumia sheria ya desturi ya Uingereza na kanuni zake za insafu kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na ya wenyeji wake inavyokubali. Insafu ni ile sehemu ya sheria itazamayo dhamiri ya mtu kabla ya karatasi yake. Katika hazina hiyo imo kesi ya mwaka 1851, ambayo kila mganga na kila fundi wa kwetu angeielewa bila kufasiriwa. Bwana mmoja, Morison, alikuwa na dawa ambayo mchanganyiko wake ulikuwa siri. Alimfunulia mshirika wake, Moat, kwa ahadi kwamba hatamwambia mtu. Moat akamwambia mwanawe, na mwana akaanza kuitengeneza dawa kwa faida yake. Mwana hakuahidi neno kwa mtu yeyote. Hata hivyo mahakama ilimzuia, kwa kuwa alichokipata alikipata kwa kuvunjwa kwa amana. Msomaji aone jinsi hukumu hiyo inavyomfikia yule mchuuzi, ambaye hakula chungu kimoja na shangazi wala hakumwahidi lolote. Mpokeaji wa tunda la hiana, akijua shina lake, hana dhamiri safi.

Mwaka 1968 jaji wa Kiingereza, Megarry, katika shauri lililohusu injini ya pikipiki ndogo, alizipanga kanuni hizi katika maswali matatu. Je, habari zenyewe zilikuwa na sifa ya siri? Je, zilitolewa katika hali iliyomtwika mpokeaji wajibu wa kuzitunza? Je, zilitumiwa bila ruhusa kwa hasara ya mwenyewe? Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, bali huweza kuziongoza. Mkataba wa mataifa juu ya haki za ubunifu katika biashara, uliotiwa sahihi Marrakesh mwaka 1994, wafuata njia ya jirani katika kifungu chake cha 39: habari ziwe hazijulikani kwa watu wa kazi hiyo, ziwe na thamani kwa sababu ya kutojulikana kwake, na mwenyewe awe amechukua hatua za busara kuzificha. Nchi changa kama yetu zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuutimiza mkataba huo wote.

Sasa tumpime shangazi kwa mizani hiyo. Katika swali la kwanza na la tatu huenda akashinda. Katika la pili anayumba. Hakumwambia binti hata siku moja, "Hili nakupa uwe nalo hapa, usitoke nalo." Alidhani ukarimu unajisemea. Tena binti naye ana haki, na ningekuwa mwandishi dhalimu kama ningeipita. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la kampuni ya kuku, Faccenda Chicken, dhidi ya meneja wake wa mauzo, Fowler, aliyeondoka akaanzisha biashara kama ile ile. Kampuni ikashindwa. Mahakama ilipambanua siri ya kweli ya biashara, ambayo mfanyakazi hawezi kuitumia hata baada ya kuondoka, na ujuzi wa kawaida uliokwisha kuwa sehemu ya akili na mikono yake. Wepesi wa vidole vya binti ni wake. Kuuzuia ni kumfanya mtumwa wa tajiri wake wa kwanza. Kile kipimo cha maji, moto na muda, kama kweli hakikujulikana kwa wabanguaji wengine, hicho ndicho cha kugombewa.

Mila za ufundi hazikuliacha jambo hili gizani. Mwanagenzi hakujiokotea kazi: alipelekwa na wazazi wake, akakabidhiwa kwa fundi, na alipohitimu kilemba kilitolewa. Kilemba hicho hakikuwa bei tu. Kilikuwa ushahidi mbele ya watu kwamba maarifa yametoka mkono huu yakaingia mkono ule, kwa ridhaa. Ujira wa msimu umechukua mahali pa uanagenzi, nasi tukaacha kilemba bila ya kuweka hati mahali pake.

Wala sisemi kwamba kila siri yastahili ngome. Waholanzi waliyafungia mashamba ya karafuu katika visiwa vya Maluku ili ulimwengu wote ununue kwao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kupata miche iliyotoroshwa huko na kuipanda Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikafika Unguja. Lau ngome ile isingevunjwa, Unguja na Pemba zisingejulikana kwa harufu zinazojulikana nayo. Hata mkorosho wenyewe si mwenyeji wetu; Wareno waliuleta kutoka Brazili. Na watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walipofundisha namna ya kupambana na ubwiriunga unaoharibu maua ya mkorosho, walifundisha wakulima wote, na kheri ikawa ya wote. Maarifa yanayookoa shamba la kila mtu yafaa yawe ya kila mtu. Sheria njema hulinda jasho la mmoja bila kuwafungia wengine kisima.

Lakini tusijidanganye juu ya nani hulindwa leo. Huko Chilalo, katika wilaya yetu hiyo hiyo, kuna madini ya kinywe yaliyovuta makampuni ya ng'ambo. Kampuni ya namna hiyo haimkaribishi mgeni ofisini kabla hajatia sahihi ahadi ya kutunza siri. Mawakili wake wameiandika. Mwanamke abanguaye korosho uani pake hana wakili, na ahadi yake imo katika tabasamu. Wote wawili wako chini ya sheria moja, ila mmoja ana ushahidi na mwingine hana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siri bila ahadi iliyotamkwa hupotea vivyo hivyo. Mapatano ya mdomo yana nguvu katika sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, lakini mdomo husahau, na shahidi huhama. Karatasi moja yatosha: ni maarifa gani, ni nani aliyepewa, ayatumie wapi, na asiyatoe kwa nani.

Karatasi hiyo yaweza kuwa kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania, na hapo kazi yatuangukia sisi wa idara za lugha. Tukiwaachia wananchi neno la wizi peke yake, watakwenda kutafuta kilichopotea, na hawatakiona. Tukiwapa amana na hiana kwa maana zake kamili, watajua kwamba lililovunjwa ni agano, na kwamba agano hutengenezwa kabla ya kazi kuanza, siku msaidizi anapoingia uani na kuonyeshwa mahali pa kukaa.