Sushi Katika Mtaa wa Sainte-Catherine



Mwezi uliopita binti yetu alialikwa na wenzake wa shule kwenda kula sushi. Sisi wazazi tulikuwa karibu kumkataza, kisha tukaona haya kukataza tusichokijua. Jumamosi moja tukafuatana naye hadi mtaa wa Sainte-Catherine, hapa Brussels.

Zamani mtaa huo ulikuwa bandari, na vyombo viliingia kwa mfereji hadi ndani ya mji. Katika karne ya 19 maji yalifukiwa. Barabara ya Quai aux Briques imebaki na jina la gati, ilhali gati lenyewe halipo. Samaki, hata hivyo, wangali wakiuzwa huko. Karibu na hapo tuliingia mkahawa ambamo mpishi hufanya kazi mbele ya wateja.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba msingi wa sushi ni wali, si samaki mbichi. Mchele mfupi wenye kunata hupikwa, na ungali moto huchanganywa na siki, sukari na chumvi. Tonge likifinyangwa kwa vidole na kulazwa kipande cha samaki juu yake, hiyo ni nigiri. Wali ukitandazwa juu ya mwani mkavu, ukatiwa tango au samaki, ukakunjwa kwa kimkeka cha mianzi na kukatwa vipande, ni maki. Wali ukiwa nje na mwani ndani, ni uramaki. Mwani ukikunjwa mfano wa kikaratasi cha njugu, ni temaki. Inari ni wali ndani ya kifuko cha tofu ya kukaanga. Samaki mtupu pasipo wali ni sashimi.

Asili ya chakula hiki ni kuhifadhi samaki: Wajapani wa kale walimfukia samaki wa chumvi ndani ya wali kwa miezi mingi, kama wazee wetu walivyokausha ng'onda.

Samaki ni halali, na siki pia. Penye shaka ni mirini, mvinyo mtamu wa mchele, ambao hutiwa katika mchuzi wa mkunga, mara nyingi katika inari, na kwa wapishi wengine hata katika wali. Ama kuhusu afya, sheria ya Ulaya yataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza, kwa mfano kwa nyuzi 20 chini ya sifuri muda wa saa 24, isipokuwa baadhi ya samaki wa kufugwa.

Binti yetu ndiye aliyeuliza, kwa Kifaransa chake fasaha. Mpishi hakuudhika, alileta chupa tuzisome. Wali haukuwa na mirini, mchuzi wa mkunga ulikuwa nayo. Tukala maki ya tango na nigiri ya jodari, ingawa mmoja wetu alishindwa kumeza samaki mbichi.

Siku ya mwaliko tulimruhusu. Aliporudi tulimwuliza alikula nini. Akajibu: "Niliuliza kwanza."