Samaki Wapo

Kamera yenyewe ni kitu kidogo, kama ngumi ya mtu mzima. Imeundwa kama samaki, ina mapezi ya plastiki na taa ndogo kuzunguka jicho. Kuna waya wa mita 15, skrini ya inchi 7 na betri ya kuchaji. Nililipa dola 140, yaani kama shilingi 18,000 za nyumbani. Mke wangu aliponiuliza kwenye simu ni ya nini, nilimwambia ni ya kuangalia samaki chini ya barafu.

“Sasa wewe, samaki huangaliwa ama hukaangwa?”

Swali lake lilikuwa halali. Naishi Minnesota, kaskazini ya Marekani, ambako Wakenya tumejaa, hasa sisi watu wa Kisii. Ukienda Brooklyn Park, karibu na Minneapolis, hutakosa mtu wa kukuuzia unga wa ugali na kukupa umbea wa nyumbani. Wengi wetu tunafanya kazi za kutunza wazee. Mimi niko zamu ya usiku. Wikendi za baridi, msee mmoja wa Mbita tunayefanya kazi pamoja hunivuta tukavue.

Mara ya kwanza aliponiambia tutaendesha gari mpaka ziwani, tushuke, tutembee juu ya maji, nilidhani ananichezea. “Omera, barafu ni kama lami,” akasema. Si kweli kabisa. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, wataalamu hapa wanashauri barafu mpya, safi, yenye unene wa angalau inchi 4. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu nusu tu, kwa hivyo unataka mara mbili ya hapo. Gari linahitaji zaidi sana. Tunatoboa shimo kwa drili ndefu, tunapima, tunasonga mbele, tunapima tena. Ziwa letu ni Mille Lacs, zaidi ya kilomita 500 za mraba. Ukisimama katikati, upande wa pili huuoni.

Chini ya hiyo barafu kuna maisha. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selsiasi. Yakizidi kupoa huwa mepesi na kupanda, ndiyo maana ziwa linaganda kuanzia juu huku chini kukibaki maji. Juu kuko nyuzi 20 chini ya sifuri, ndevu zako zimekuwa nyeupe kama za babu, na chini samaki anaogelea polepole, hana habari.

Shida ni kwamba wewe huna habari pia. Umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, umeshika fimbo fupi, mshipi umeingia kwenye shimo jeusi ambalo halitoshi hata sahani. Saa moja inapita. Mbili. Watu hudhani baridi ndiyo hukuchosha. Kwangu, kilichonichosha ni kutojua. Je, samaki hawako? Ama wako na hawataki? Nihame, ama nivumilie? Kila jibu ni bahati nasibu.

Hali hiyo naijua vizuri kuliko uvuvi. Ombi la kumleta mke wangu na binti yetu lina miaka miwili na miezi miwili. Kuna ukurasa wa mtandao wa kuangalia limefika wapi. Kila asubuhi nikitoka kazini naufungua, na kila asubuhi unaniambia limepokelewa. Ukipiga simu, sauti laini inakwambia usubiri. Hakuna anayekataa, hakuna anayekubali. Mke wangu huuliza, “Wamesema?” Nami najibu, “Bado.” Kwa miezi mingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, mengine ni salamu na pesa ya fizi.

Sasa, kamera. Unatoboa shimo la pili karibu na lile la mshipi. Unashusha kamera mpaka iguse chini, halafu unainua kidogo na kuzungusha waya mpaka chambo chako kionekane kwenye skrini. Hiyo kazi ya kuzungusha, manze, itakufanya utamke maneno ambayo mama yako hajui unayajua. Betri weka ndani ya jaketi, baridi inaimaliza haraka. Taa usiwashe zote kama maji yana vumbi, maana mwanga unakurudia kama taa kubwa za gari kwenye ukungu wa Limuru. Na samaki akishika, mwenzako atoe kamera kwanza, la sivyo waya na mshipi vitasukana kama nywele.

Siku ya kwanza tuliona mchanga, jiwe, na chambo chetu kikining'inia peke yake. Dakika kumi hivi. Kisha macho mawili yakang'aa gizani. Walleye ana tabaka ndani ya jicho linalorudisha mwanga, ndiyo maana huona vizuri jua likiwa linazama ama linachomoza. Alikuja taratibu. Akasimama mbele ya chambo, karibu kabisa, akakikagua kama mama anayechagua nyanya sokoni. Akageuka, akaenda zake. Wa pili akaja, akafanya vivyo hivyo. Wa tatu.

Msee wa Mbita alicheka mpaka akakohoa. “Kumbe miaka yote hii wamekuwa wakituangalia!”

Tulianza kubadilisha vitu. Tulipotikisa sana, walitoroka. Tulipotuliza mkono, walikaribia. Tuliweka chambo kidogo zaidi, na mmoja akafungua mdomo. Siku hiyo tulipata wawili. Sitakudanganya kwamba kamera hujaza ndoo. Kuna siku unaona samaki ishirini na unarudi na ndoo tupu, na hiyo inauma zaidi kwa sababu uliwaona.

Wapo wavuvi wanaosema huu ni wizi wa mtihani. Mwenzangu hana muda nao. Kwao Mbita, omena huvuliwa usiku usio na mwezi, taa zikiwashwa juu ya maji ili wasogee. Anasema mvuvi amekuwa akitafuta mwanga tangu zamani, na kamera ni taa tu iliyoshuka chini.

Kwenye lile ombi letu sina pa kushusha kamera. Hilo halijabadilika. Ila niligundua kwamba mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa kila mtu juu ya barafu yake, tukiulizana kama mshipi umetikisika, huku maisha yenyewe yakiendelea chini bila mtu wa kuyaona. Basi tukaacha simu za ripoti. Siku hizi anaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari na kuendelea na shughuli zake. Naona binti yetu akifanya hesabu na kufuta mara nne. Naona mwiko. Wakati mwingine hatusemi kitu nusu saa nzima.

Jumamosi iliyopita nikawageuzia wao skrini. Huku ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Kisii saa kumi na nusu jioni. Binti yangu akasogeza uso mpaka nikaona pua tu. Walleye mkubwa alikuwa amesimama mbele ya chambo, hali, haondoki.

“Baba, mbona hali?”

“Sijui. Anafikiria.”

“Usimharakishe,” akasema, na akavuta kiti akaketi.