Mashine Iliyokataa Kuamka

Maandishi ya siku hizi yana udhaifu ambao ya karatasi hayakuwa nao: hayasomeki mpaka mashine ikubali kuamka. Hati ya kale, hata ikiwa imeliwa na mchwa, humwachia msomaji walau nusu ya ubeti. Mashine ama hutoa yote, ama hunyima yote.

Hayo niliyaona Karatu, mji ulio njiani kuelekea Ngorongoro, nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Marehemu baba yake alikuwa mjuzi wa slufay, dua za kishairi za Wairaqw, ambazo mzee huzinena na waliohudhuria humwitikia. Mwalimu alikuwa ameziandika dua hizo mstari kwa mstari katika kompyuta mpakato, akanialika tuzifasiri kwa Kiswahili. Nilipofika, mfumo uliokuwamo ulikuwa haufunguki tena, na nakala nyingine haikuwapo. Fundi mmoja alishauri diski ifutwe na mfumo uwekwe upya.

“Mzee,” Mwalimu akaniambia, “wakifuta, mimi sina pa kuzipata tena. Hata waliokuwa wakiitikia wamekwisha.”

Mimi sikufunzwa mitambo darasani, kama ambavyo sikufunzwa ushairi. Maneno ya fani hii niliyazoea kupitia Jambo OpenOffice, programu ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilijua kwamba kompyuta yaweza kuamshwa kwa mfumo mwingine uliowekwa katika flashi, bila ya kugusa kilichomo katika diski. Nilikuwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Lakini hakuna aliyeahidi kwamba mfumo huo ungepatana na mashine ile. Iliundwa kwa ajili ya mfumo mmoja tu, na mgeni aliyeingia ilimbidi abahatishe lugha ya viungo vyake.

Tukaiwasha. Nembo ikatokea, kioo kikawa cheusi, mashine ikaganda. Mara ya pili vivyo hivyo, na ya tatu.

Hapo ndipo inapohitajika subira ya mfasiri. Jambo la kwanza ni kuitaka mashine iseme. Katika orodha inayotangulia kuwaka kwa mfumo nilibonyeza herufi e, nikafuta maneno mawili, “quiet” na “splash”, ambayo kazi yake ni kuficha taarifa nyuma ya nembo. Taarifa zikamiminika, na mstari wa mwisho ulikitaja kiendeshi cha picha. Jambo la pili ni kutazama mahali pa kukwama. Kosa linalohamahama mara nyingi hutokana na maradhi ya mwili wa mashine: kumbukumbu mbovu, joto, au umeme usiotulia. Kosa lirudialo mahali pamoja huelekea kuwa la maneno, yaani amri ambayo kiungo fulani hakiielewi. Letu lilikuwa la namna hii ya pili. Jambo la tatu ni kubadilisha kitu kimoja kimoja. Abadilishaye vitatu kwa mpigo, hata akifaulu, hajui kilichomwokoa.

Nikaongeza neno moja tu: “nomodeset”. Kwa ufupi, neno hilo hukiambia kiini cha mfumo kisijaribu kukitawala kioo kwa njia zake, bali kiridhike na picha ya kawaida. Mashine ikaamka. Picha ilikuwa na chenga, lakini diski ilionekana. Tukaifungua kwa kusoma tu, tusije tukaandika juu ya tulichokitafuta, kisha tukanakili dua zote katika flashi mbili.

Watu wengi hukasirika mashine ikikwama, kana kwamba imewatukana. Hata hivyo, kukwama kwaweza kuwa uaminifu. Kiini cha Linux kikikutana na hali kisichoweza kuendelea nayo kwa salama, husimama kwa makusudi ili kisiharibu zaidi. Wenye fani huiita hali hiyo taharuki ya kiini. Mfasiri naye, afikapo kwenye neno asilolielewa, ni heri asimame na kuuliza kuliko kuendelea kwa kubuni.

Huko Laetoli, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ziko nyayo za jamaa wa kale wa binadamu zilizotunzwa na majivu ya volkeno kwa takriban miaka milioni 3.6, na njia yake iligunduliwa mwaka 1978. Nyayo hizo hazikumhitaji mtu wa kuziamsha. Dua za mzee wa Karatu zilimhitaji, na zilikaribia kupotea kabla ya mwandishi wake kuzeeka.

Kwa hiyo nakala ya tatu tuliichapa katika karatasi. Na kwa kuwa slufay isiyo na mwitikiaji ni nusu ya slufay, Mwalimu ameanza kuwafundisha wajukuu wake mahali pa kuitikia. Hilo hakuna mfumo, wa asili wala wa kuazima, utakaolifanya kwa niaba yao.